Makande Ofisini kwa Ngiri

Mwaka mmoja wa baridi kali, Bi Nguchiro, mama wa watoto tele, alikwenda ofisini kuomba mkaa wa msaada. Mgawaji, Bwana Ngiri, alikuwa akiota moto wa mkaa huohuo.

"Msaada ni wa wasio na moto," alisema Ngiri. "Kwako jana niliona moshi."

"Niliomba kaa moja kwa jirani."

"Basi moto unao."

Nguchiro alikwenda zake nyumbani. Alirudi na chungu cha makande, akakiinjika kwenye jiko la Ngiri.

"We mama, ndiyo nini hii?"

"Naomba moto, jirani. Moto haunyimwi."

Makande hayana haraka. Kesho yake mafukara wote walisikia, wakaja na vyungu vyao, Ngiri akakosa pa kuotea.

Jioni alibeba magunia mwenyewe, akagawa mkaa nyumba hadi nyumba, akisema amezidiwa na huruma.

Nguchiro alimshukuru sana. Chungu alikiacha kulekule ofisini, isije huruma ikaisha.