Fyuzi Mfukoni

Jefwa aliitia fyuzi katika mfuko wa suruali, akaupigapiga mfuko mara mbili, ndipo akakubali kushika waya.

"Ebo! Fyuzi ya watu waitia mfukoni?" aliuliza Shangazi Philister, mpishi wa nyumba, aliyekuwa mezani akichambua mchele.

"Ikiwa kwangu, hakuna wa kuniwashia stima ningali nimeshika waya, shangazi. Kule Burma, vitani, mwenzangu aliiacha juu ya sanduku. Akapita mtu ana haraka zake, akairudisha. Nilirushwa hatua tatu, nikaangukia sufuria ya maharagwe."

Shangazi alicheka mpaka mchele ukamwagika. Rispa, binti wa kaka yake, alicheka pia, ila chinichini, uso kauinamisha kwenye shati alilokuwa akilipiga pasi.

Nyumba ilikuwa ya Mzungu mmoja wa bandarini, hapo Nyali. Bibi yake alitaka soketi ya pili jikoni, itokane na waya wa friji. Kwa Jefwa, hii ilikuwa kazi ya mwisho pwani. Kesho angepanda gari la moshi kwenda Nairobi, kwenye kibarua cha miaka miwili. Na tangu mwezi uliopita alikuwa na neno moja la kumwambia Rispa. Juma lililopita, alipoitwa kutazama taa ya baraza na akakuta balbu imelegea tu, neno hilo lilimfika kooni. Likateremka tena.

Aligusisha taa yake ndogo ya kupimia kwenye waya. Haikuwaka. Vizuri.

"Hebu niambie, hapa patachomekwa nini?"

"Pasi ya stima," alisema Rispa. "Hii ya makaa imenichosha."

"Pasi, hapana. Friji na pasi kwenye waya mmoja, waya utashika moto ndani ya ukuta, na hakuna atakayejua mpaka moshi utoke. Pasi itafutiwe waya wake. Redio, sawa. Taa, sawa."

"Basi redio," alisema Rispa upesi, kana kwamba kwake ni mamoja.

Jefwa alikata waya mnene sawasawa na ule wa zamani, akaunga, akakaza kila skrubu. Waya wa ardhi hakuusahau.

"Mna fyuzi ya akiba?"

Rispa alivuta droo ya meza akamwonyesha. Ilikuwa moja, nyeupe, ya kauri, pacha wa ile iliyokuwa mfukoni.

"Na wewe ukisahau ukaondoka na ya kwetu?" aliuliza.

"Nitairudisha. Hata nikiwa nimefika Voi, nitashuka."

"Kwa ajili ya fyuzi tu?"

"Friji ikizima, nyama ya wageni wa kesho ikaoza, atafukuzwa nani? Si wewe na shangazi?"

"Mtu mwenye huruma huyu," alisema Shangazi, akiuambia mchele.

Jefwa aliirudisha fyuzi, akajaribu soketi, taa ikawaka. Akaitoa tena ili afunge kifuniko cha soketi vizuri. Alikuwa amesimama mbele ya sanduku la fyuzi Rispa alipomjia kwa nyuma, mkononi ana koti la jeshi la Jefwa lililokuwa limetundikwa msumarini.

"Kesho gari lako laondoka saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Saa kumi," alirudia Rispa.

Neno likapanda kooni. Jefwa akafunga sanduku, akavaa koti, akakohoa.

"Soketi isimwagiwe maji," alisema.

Ndiyo yote aliyosema.

"Maskini," alisema Shangazi Philister, na haikujulikana amwambia nani.

Chumbani kwake Kisauni, Jefwa alikuwa akikunja nguo zake mbili tatu alipotia mkono katika koti kutafuta tiketi. Vidole vikagusa kitu baridi, laini. Akakitoa nje.

Fyuzi.

Alijaribu kukumbuka aliirudisha saa ngapi. Alilikumbuka sanduku. Aliukumbuka msumari. Sauti ya Rispa ikirudia "saa kumi" aliikumbuka kama iliyopigiwa kengele. Fyuzi yenyewe hakuikumbuka hata chembe. Mtu mzima, fundi wa jeshi, amewaacha watu na friji iliyokufa katika jua la Machi!

Akarukia baiskeli. Mnyororo ukatoka mara moja Frere Town, ukatoka tena kwenye mteremko, mikono ikajaa grisi. Akilini alimwona bibi mwenye nyumba akinusa nyama. Alimwona Shangazi na sanduku la nguo kichwani. Alimwona Rispa nyuma yake, na huyo hakutaka kumtazama zaidi, akakanyaga pedali.

Aliingilia mlango wa jikoni, jasho likimtiririka, fyuzi kaiinua juu kama askari anayesalimu amri.

"Nisameheni! Sijui nilikuwa na akili gani, nimeondoka na..."

Kwenye pembe yake, karibu na soketi mpya, friji ilikuwa ikinguruma kama paka aliyeshiba.

Shangazi Philister alikuwa uani, amewapa mgongo, anafagia mahali palipokwisha fagiwa. Droo ya meza ilikuwa wazi, na ndani hamna kitu. Mezani palikuwa na sahani ya mahamri na vikombe viwili.

Rispa alikimiminia chai kikombe cha pili.

"Umekawia," alisema, bila kuinua macho. "Ya akiba hiyo. Nilidhani utalipapasa koti kabla hujafika langoni."