Karibu, Salha

Programu ya kompyuta za shule ilikuwa ya bure, na yeyote aliruhusiwa kuyabadili maneno yake. Kwa hiyo Tunu, fundi aliyekuja kuunganisha kompyuta kumi za darasa la tano, aliifuta salamu ya kigeni kwenye kioo akaandika: Karibu.

"Fundi, karibu bila hodi?" Mwalimu Kibwana alimtania. "Nyumba gani hiyo?"

"Mtoto akiandika jina lake, ndiyo hodi yake, Mwalimu."

"Haya, ijaribu tuone. Weka jina lolote, ila ulifute kabla watoto hawajaingia."

Vidole vya Tunu vikaandika jina la dada yake, aliyeondoka nyumbani kwa hasira, mwaka wa nne sasa, wala hajapiga hodi tena.

"Karibu, Salha," kompyuta ya kwanza ikajibu. Akaenda ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi. Kwa kuwa zilikuwa zimeunganishwa, zote zilimjua, na zote zilimkaribisha.

"Safi sana. Sasa lifute," Mwalimu akasema.

Tunu akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta. Nje, watoto waliopanga mstari mlangoni wakaita kwa pamoja, "Hodi!"

Kidole kilibaki palepale.