Siku ya Bibi Afya

Mfuniko wa pipa uligonga, taratibu, kama anayeufungua hataki usikike. Kulikuwa hakujapambazuka. Tabu alipapasa kitanda upande wa mumewe, akakuta shuka limepoa.

Akachungulia dirishani. Uani, penye kibanda cha kutengenezea betri za magari, Marijani alikuwa ameinama juu ya pipa la maji machafu ya betri, ndoo mkononi. Alikuwa anamimina maji ya kisima. Maji matupu.

Tabu alirudi kulala. Sasa alielewa.

Pipa lile lilikuwa na mstari mweupe. Aliuchora Atuganile, bibi afya mpya wa Tandika, mwenye baiskeli. "Maji machafu ya betri ni sumu, ndugu zangu," aliwaeleza siku ya kwanza. "Mwezi ukiisha yakiwa chini ya mstari, karakana yenu ni ndogo. Mtatia chokaa na kufukia, nami nitakuja mara moja kwa mwaka. Yakipita mstari, ni kubwa. Hapo nitakuja kila Jumamosi, na yakizidi mtahamishwa hapa, mwende kwenye viwanda."

Mwezi wa kwanza maji yalipita mstari, na tangu hapo Atuganile alikuja kila Jumamosi. Fundi gani anajiongezea sumu kwa mkono wake, akaiweka riziki yake hatarini? Ni yule anayemtaka mtu fulani kila Jumamosi.

"Mwenzangu!" jirani yake Mwajabu alimwita kulipokucha, juu ya ua. "Leo si Jumamosi? Mumeo nimemwona kachana nywele. Kumbe betri nazo siku hizi zinataka watanashati!"

"Mwache achane. Na mie nina kitana changu."

Akaoga, akasuka nywele, akapaka wanja. Akafagia uwanja ili yule mwanamke asiseme nyumba chafu. Akapika samaki wa nazi ili ajue jiko lina mwenyewe. Siku nyingine hakuwa na shughuli hizo. Alilala ameutazama ukuta mpaka jua lipande, Marijani akimletea uji na kuliondoa bakuli kama alivyolileta. Ndivyo ilivyokuwa tangu masika, tangu warudi makaburini mikono mitupu.

Atuganile alipofika, Tabu alikuwa amejifunga kanga yenye maneno makali kwa wezi wa waume. Alimgeuzia mgongo makusudi, ayasome vizuri.

"Lo, dada, kanga yako nzuri!" alisema Atuganile. "Kwetu Tukuyu rangi hii hatuipati kabisa."

Tabu nusura acheke, kisha akajikasirikia. Mgeni alikuwa amemletea ndizi, kama kawaida yake, akamuuliza kwa sauti ya chini kama usiku alipata usingizi. Tabu alizipokea ndizi bila kumtazama. Mwizi naye huwa na adabu, alijisemea.

Kisha akamwona Marijani mlangoni pa kibanda. Hakuwa anatazama pipa. Alikuwa anawatazama wao wawili, anatabasamu. Tangu lini Tabu hajaliona tabasamu lile! Na leo lilikuwa la mwingine.

Tangu siku ile, kila Marijani alipokwenda msikitini alfajiri, Tabu alitoka na kopo. Alichota alichomimina mumewe, akakimwaga kwenye shimo la chokaa, akawahi kitandani kabla hajarudi. Tone moja lilimtobolea kanga. Hakujali.

Mwezi ulipokwisha, Atuganile alitumbukiza ufito ndani ya pipa, akautoa, akautazama tena.

"Chini ya mstari! Hongereni, ndugu. Karakana yenu ni ndogo. Tutaonana mwakani."

Marijani alinyong'onyea. "Pima tena, bibi. Labda ufito umeteleza."

"Fundi, mbona hufurahi? Hutahamishwa."

"Safari njema, dada," Tabu alisema, meno yote nje. "Salamu nyumbani."

Atuganile alisukuma baiskeli yake kuelekea barabarani. Marijani alisimama kidogo, akafuta mikono, akamfuata mbiombio. Tabu naye akatoka nyuma yake, akajibanza kwenye ua wa makuti. Leo nawakamata, alisema moyoni, na Mwajabu nitamwita awe shahidi.

Marijani alikuwa ameshika usukani wa baiskeli.

"Bibi Afya, mie nimekudanganya. Betri zenyewe siku hizi haba. Maji nilikuwa naongeza mwenyewe."

"Makubwa! Ulitaka uhamishwe?"

"Nilitaka uje."

Tabu alifungua mdomo apige kelele.

"Tangu tumzike mtoto wetu," Marijani alisema, akajifuta macho kwa mkono wa shati, "mke wangu haamki. Hali chakula. Hasemi. Nimehangaika naye kwa kila dawa. Lakini siku yako, dada, anaamka. Anaoga, anasuka, anapika, hata jirani anamjibu. Sijui unampa nini, na siulizi. Pipa liache. Nakuomba tu, Jumamosi uje tena."