Nyonga ya Bibi Theodosia

"Hebu simama, bibi," daktari alisema.

Bibi Theodosia alishika ukingo wa kitanda, akainuka nusu, akagumia, akarudi chini. Mjukuu wake Nadine alimfuta jasho kwa ncha ya kitenge.

"Picha ya nyonga iko safi," daktari alimwambia Nadine pembeni. "Ijumaa nikimkuta bado hivi, nampa ruhusa mrudi kwenu Murungu. Kitanda kinatakiwa."

Nadine aliitikia kwa kichwa, akakimbilia maabara huku akifunga vifungo vya koti jeupe. Maabara ilikuwa ndani ya hospitali hiyohiyo, hapa Kasulu, na yeye alikuwa akijitolea humo tangu mwaka jana. Kujitolea ndiko huko: unapima damu na mkojo wa watu kutwa, jioni unaambiwa ahsante.

"Umechelewa," alisema Hilali, mkuu wa maabara. "Ijumaa asubuhi tunachagua mmoja wa kuajiriwa. Mlikuwa sita, mmebaki wawili. Atakayekosekana siku hiyo asiniletee hadithi."

Wanne walioondoka, wote kwao mbali.

Firdausi, mwenzake aliyebaki, alikuwa keshakaa kwenye hadubini. Kwao ni nyuma ya soko tu, na mchana mdogo wake humletea wali kwenye hotipoti. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza tu, "Shoga, kwani kwenu hamna mwingine wa kumuuguza?"

"Hamna."

Naye Nadine alishakata tamaa zamani. Chumba alikirudisha kwa mwenyewe, akapiga simu nyumbani: bibi, narudi kulima. Kesho yake bibi akaanguka shambani. Hospitali ya Kibondo ilikuwa jirani na kwao, lakini bibi alililia Kasulu, kwa mjukuu wake. Waliomleta walishusha na gunia la unga wa muhogo.

Ndipo Nadine akahamia banda lililo nyuma ya wodi, wanakolala na kupika wenye wagonjwa. Asiye na mgonjwa, mlinzi humtoa nje. Basi akawa anauguza na kupima, anapima na kuuguza. Nafuu yake ilikuwa kuni. Kila asubuhi alizikuta zimepangwa kando ya mafiga yake, akadhani ni huruma ya wenzake wa bandani.

Alhamisi jioni alimpelekea bibi ugali kitandani.

"Kesho daktari akikuruhusu, tunakwenda wote, bibi. Nani atakuogesha? Kazi basi."

Bibi alitafuna polepole. "Daktari hupita saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Na huyo Hilali wako?"

"Saa mbili."

"Basi anza kwa Hilali, mwana wanje, mwanangu. Mimi na mguu huu nitakwenda wapi?"

Ijumaa Hilali aliwasimamisha wote wawili mbele ya meza. Alikohoa, akapanga kalamu zake, akalitaja jina la Nadine. Firdausi akamkumbatia. "Kamwambie bibi yako," akasema. "Kimbia."

Hilali alimjazisha fomu za ajira kwanza, ndipo Nadine akakimbia. Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka limekunjwa, godoro limefutwa, kikombe kimefunikwa juu ya kabati.

Alimwona nesi Zuleha amesimama dirishani, amempa mgongo, akamsogelea.

Zuleha aligeuka. Alikuwa anahema.

"Bibi yako alikuja kwa miguu yake hadi mlangoni pa maabara," alisema, "akasikia jina lako likitajwa. Akarudi akakunja shuka, akajitwika ndoo, huyo anapandisha kilima kwenda stendi. Nimemkimbilia mpaka getini, sikumpata. Kasema nikwambie kuni alizokuokotea ziko nyuma ya banda, ukihama uzichukue, zitakufikisha mwisho wa mwezi."