Kidole Gumba cha Marehemu

Mke wangu aliniletea karakanani kompyuta aliyoiunda marehemu mumewe wa kwanza, ameikumbatia kama mtoto mchanga.

"Siku hizi inajikokota," alisema. "Au prosesa imezeeka?"

Niliifungua. Feni ilikuwa imevaa sweta la vumbi. Nikang'oa chuma kinachopoza prosesa, na hapo nikaona, kwenye grisi ya kupitishia joto iliyokauka, alama ya kidole gumba. Mistari yote ilikuwapo, hata kovu dogo pembeni. Marehemu aliipaka kwa mkono, kama mtu anayesiliba ukuta!

Fundi gani hupaka grisi kwa kidole? Na kazi yake ya ovyo imedumu miaka kumi na miwili, wakati zangu za vipimo hurudi kabla ya mwaka kuisha.

Prosesa yenyewe ilikuwa nzima. Prosesa haizeeki kama magoti. Joto ndilo huipunguzia mwendo. Ningetoa vumbi na kupaka grisi mpya, ingekimbia kama siku ya kwanza.

"Mwenyewe alikuwa akisema itatuzika sote," mke wangu alisema, na akatabasamu tabasamu ambalo mimi sijawahi kupewa.

Nikachukua kitambaa chenye spiriti, nikaifuta ile alama mpaka prosesa ikang'aa. Tyubu ya grisi mpya ilikuwa mezani. Nikairudisha kwenye droo. Prosesa bila grisi ni sufuria tupu motoni.

"Imezeeka, mke wangu," nikasema, nikikaza skrubu ya mwisho. "Haya, washa."