Ladha ya Marehemu Masalu

Siku hizi mtu akifa, sheria huiacha ladha yake, yaani alivyopenda kula, jikoni ndani ya mashine, nayo huisemea kwa sauti ya marehemu kabla ya mlo. Tangu Masalu afariki, kila Jumapili sauti yake humwagiza mjane wake, Nyamizi, mlo uleule: ugali, dagaa wa kukaanga, ndimu, na mvinyo mweupe wa Sisilia uliopozwa. Majirani zao wa Mwanza waliucheka mchanganyiko huo. Wao wawili walizeeka nao.

Jumapili hii sauti ilisema, "Dagaa wana uchungu. Mvinyo huu unafaa bamia za nazi."

Nyamizi alizima moto. "Bamia uliziita kamasi, baba Kabula."

"Nimezizoea."

Binti yao, Kabula, alieleza taratibu. "Mama, ladha hupelekwa pia nyumba nyingine ili isidumae. Ya baba inajifunza huko."

"Nyumba ya nani?"

"Hawasemi, mama."

Nyamizi aliigeukia mashine na kuuliza kwa adabu anayowawekea wageni, "Huko, bwana, nani anakupikia?"



"Nazi ipo?" sauti ya mumewe ikauliza.

Nyamizi akachukua kikapu, akaenda sokoni kununua nazi na bamia.