Kosa la Mtumiaji

Mama alibofya kitufe kwa mara ya saba, na ukurasa ukakaa kimya kama haukuambiwa kitu.

Rangi, aliyeketi kando yake na kalamu, naye alikaa kimya. Ndiyo sheria ya majaribio: mbunifu haelekezi, hanyooshi kidole, hata kikohozi akimeze. Mtumiaji akikwama aachwe akwame, ionekane amekwamishwa na nini.

Jina la Rangi alipewa kazini, kwa kuwa angeweza kubishana asubuhi nzima juu ya aina mbili za kijivu. Tovuti hii ya kuita gari la wagonjwa ilikuwa kazi ya mikono yake, kuanzia vitufe hadi herufi. Ilikuwa na mwaka mmoja mtandaoni, na malalamiko hayakukauka: watu wanabofya, gari haliji. Ndipo mkurugenzi akaamuru majaribio. "Kosa likiwa la ukurasa," alimwambia, "ukurasa unaondoka, na wewe unaufuata."

Watumiaji tisa walikwishapita salama. Mama huyu alikuwa wa kumi na wa mwisho. Hakuitwa, alipiga simu mwenyewe mara tatu akiomba nafasi. Nauli aliyopewa mlangoni aliirudisha. Swali lake lilikuwa moja tu: "Mwanangu, ndiye wewe uliyeutengeneza?" Alipojibiwa ndiyo, akaketi.

Kadi ya zoezi ilisema: *Mtu wako ameanguka ghafla nyumbani. Ita gari.* Waliotangulia waliuliza ni mtu gani, kaangukaje. Mama aliisoma mara moja, akaigeuza kifudifudi.

"Dakika ya sita," alisema mshika saa kutoka nyuma.

Mama akabofya tena. "Njooni basi," aliibembeleza skrini kwa sauti ya chini. "Pumzi zinamwishia." Machozi yakamdondoka juu ya meza.

Mshika saa akamwinamia Rangi sikioni. "Huyu bibi alijificha wapi siku zote? Angetajirika kwa maigizo."

Rangi hakucheka. Macho yake yalikuwa juu kabisa ya ukurasa, mahali ambapo mama hakupatazama hata mara moja. Hapo palikuwa na mstari mmoja wa herufi nyembamba, kijivu juu ya nyeupe: *Namba ya simu iandikwe bila kuacha nafasi.* Mama alikuwa ameandika namba yake kwa mafungu ya tatu tatu, kama wengi wa umri wake waandikavyo. Kitufe kiko chini, onyo liko juu, na kile kijivu hata jicho la miaka ishirini lingekitafuta kwa tochi. Rangi alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Kilimpendeza, akakiacha.

"Dakika kumi."

"Inatosha, mama," Rangi akasema.

Mama hakuondoa mkono. "Gari lingekuja?"

"Hapana. Ombi halikutoka."

"Kwa nini?"

Kwenye fomu ya Rangi palikuwa na visanduku viwili. *Kosa la ukurasa. Kosa la mtumiaji.* Mwamba ngoma huvutia kwake, na kalamu alikuwa ameishika yeye.

"Umekosea kuandika namba. Ukurasa ulikuonya, hukusoma."

"Kwa hiyo ukurasa ni mzima."

"Mzima kabisa."

"Yaani aliyekosea ni mimi." Hakusema kwa ugomvi. Alisema kama mtu anayehakikisha njia kabla ya kuondoka.

Rangi akatia alama kwenye kisanduku cha pili. "Ni wewe, mama. Lakini usijitie simanzi, hili ni zoezi tu."

Mama akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Akainuka, akakirudisha kiti mahali pake.

"Basi wanangu wana haki ya kutonisemesha," akasema. "Baba yao alikata roho mapajani mwangu, mkono wangu ukiwa kwenye kitufe hikihiki. Nilitaka tu nisikie kwa aliyekitengeneza."